Somo Aliyeisikia Shaba

Ukienda kwa Somo alasiri, ukapiga hodi na kaseti yalia ndani, hukujibiwa "karibu". Ulioneshwa kidole. Kidole cha shahada kikiinuka hewani maana yake ngoja kwanza, huyu mwimbaji amalize maneno yake. Ungesimama pale mlangoni na kikapu chako, jua likikuchoma kisogo, mpaka ubeti uishe. Ndipo kidole kingeshuka, naye angekugeukia kwa bashasha kana kwamba ndiyo kwanza anakuona.

"Ndoo, mwanangu, ndoo. Starehe. Umesikia alivyovuta pumzi hapo kabla hajaingia?"

Nami humwambia nimesikia. Wallahi sikuwa nimesikia kitu.

Tulikuwa majirani pale Mtopanga, ukuta kwa ukuta, tangu nilipoolewa katikati ya miaka ya themanini. Nasema jirani, lakini kabla ya ujirani alikuwa somo wangu. Ndiye aliyenifungia ndani kabla ya harusi, akanisinga kwa liwa na singo za kunukisha ngozi, akaniambia yale ambayo mama mzazi huona haya kumwambia binti yake. Mwanamke akishakufunda hivyo huwa mama yako wa pili, na mumeo huwa mkwe wake, mwenye kumwinamishia macho. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Waliofundwa naye walimwita Somo, waume zao wakafuata, watoto wakafuata, mpaka muuza maji wa mkokoteni akawa anaita kwa mbali, "Somo, leo mitungi mingapi?"

Alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kufunda wari. Ya pili ni kukodisha vyombo vya muziki kwa sherehe za wanawake: amplifaya moja nzito, mashine ya kaseti, na spika mbili za mbao zilizonifika kiunoni. Hakuvitoa vyombo hivyo bila yeye mwenyewe kwenda navyo. Popote palipokuwa na harusi, kutoka kwetu hadi Ziwa la Ng'ombe, ungeona mkokoteni watangulia na spika zimevishwa mashuka, naye yuko nyuma kwa buibui lake, mkono mmoja juu ya mzigo kama anayesindikiza mgonjwa.

Akifika alijiwekea kiti kando ya mashine, na hapo hapana aliyemwamuru. Wanawake wangemlilia, "Somo, ongeza sauti!" naye angetikisa kichwa. "Sauti si ugomvi," alikuwa akisema. "Sauti haipandishwi, husafishwa." Na ukimwambia mbona yule mwenye vyombo wa mtaa wa pili hupiga kwa nguvu zaidi, alikujibu, "Sikio ni kama tumbo. Ukilizoesha makombo, litashiba makombo."

Mtu wa maneno hayo ungemdhania amepangika kila upande. Wapi! Taa ya jikoni kwake ilining'inia kwa waya uliofungwa plasta ya kidonda. Sikio lake lililodai kusikia pumzi ya mwimbaji halikuwahi kusikia birika likichemka na kumwagika. Mara ngapi nimekimbia kumzimia jiko. Mwenyewe hakuweza kuimba. Akifuatisha wimbo sauti yake ilikwenda kushoto, wimbo kulia, wala havikukutana mpaka mwisho. Wari aliwafundisha subira, lakini hakuwa na subira ya kuingoja kaseti irudi mwanzo; aliing'oa na kuizungusha kwa penseli huku akiilaani. Alitufundisha kustahimili waume, naye alikuwa ameachika mara mbili. "Kwa kutaka kwangu," alisema, "na mara zote nilitoka na vyombo vyangu."

Sasa nije kwenye ule waya.

Mmoja wa wari wake alimfuata mumewe Uarabuni kutafuta maisha. Aliporudi likizo alikuja na mizigo ya zawadi, wengine manukato, wengine vitambaa. Somo alitolewa boksi, ndani yake mna bunda la waya wa spika. Lakini si waya tuliouzoea. Plastiki yake ilikuwa nyeupe kama kioo, unaona ndani, na ndani yake nyuzi za shaba zimesokotwa nene, zikimetameta. Binti alieleza kwamba mwenye duka kule alimwambia matajiri hawasikizi muziki kwa waya mwingine ila huo.

Somo aliutoa kwenye boksi, akautazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha akauvaa shingoni. Ulimteremka mpaka kifuani, mizunguko mitatu minne ya shaba. Wanawake tuliokuwapo tukapiga vigelegele.

"Mkufu huo, Somo!"

"Ni mkufu kweli," akasema. Na toka siku ile waya ukaitwa Mkufu.

Ah, maneno tuliyoyasikia baada ya hapo! Waya wa zamani ulikuwa ukimtia mwimbaji mafua. Kwenye waya wa zamani sauti ilipita imekunja mabega, kwenye Mkufu ilipita imenyoosha shingo. Aliupangusa kwa kitambaa laini kila baada ya harusi. Hakuna aliyeruhusiwa kuuruka. Watoto walijua kwamba wanaweza kuvunja kikombe cha Somo na kusamehewa, lakini mguu juu ya Mkufu, hapana. Sifa zikaenea. Watu wa mbali walikuja kuuliza, "Yuko wapi yule mama mwenye Mkufu?" Akawa haondoki harusini bila kusimama na kuwaeleza wanawake kilichokuwa kikiwaburudisha, huku akiuonesha kama anayemtoa mwari nje.

Katika mtaa mzima kulikuwa na mtu mmoja aliyeshindwa kuyameza hayo, naye nilikuwa nikilala naye kitanda kimoja.

Mume wangu alikuwa fundi wa stima katika kiwanda kimoja Changamwe. Mtu mpole, hana makuu, akitoka kazini ni kuoga, kuswali na kusoma gazeti lake. Lakini lile jambo lilimwasha. "Waya ni waya," alikuwa akiniambia chumbani kwa sauti ya chini, kwa sababu ukuta ni mmoja. "Kutoka kwenye mashine mpaka kwenye spika ni hatua chache. Shaba ni shaba. Stima haijui bei."

"Usije ukamwambia hayo," nikamsihi. "Ni mkweo."

"Simwambii. Mimi namheshimu."

Na asingemwambia, lau Somo mwenyewe hakumuuliza. Ilikuwa Jumapili asubuhi, tumekaa kwake tunakula mahamri na mbaazi pamoja na majirani, naye yuko kwenye habari zake za mafua na mabega. Ghafla akamgeukia.

"Mkwe wangu, wewe ni fundi. Waambie hawa wanaodhani natia chumvi."

Mume wangu akatafuna, akameza, akanitazama. Nikamkonyeza anyamaze.

"Mama," akasema, "waya ni waya."

Vikombe vilisimama hewani. Somo hakukasirika. Macho yake yaling'aa kama mtu aliyepata mchezo mpya. "Haya basi. Alasiri lete waya wako, wowote uutakao. Wewe kaa nyuma ya pazia, uubadilishe utakavyo. Mimi nitafumba macho na kukwambia upi ni upi."

Alasiri ile sebule ya Somo ilijaa kama ya matanga, ila kwa vicheko. Leso mbili zilitungikwa mlangoni mwa chumba cha ndani. Mume wangu na amplifaya wakawa nyuma ya leso hizo, spika zikabaki mbele yetu. Waya aliouleta aliukata kwenye pasi yetu iliyoungua, mweusi, umefumwa uzi kwa nje, umefifia. Somo alipouona alicheka mpaka akashika ubavu. "Huo ndio wa kushindana na Mkufu wangu?" Akaketi kwenye mkeka, akafumba macho, na mume wangu akamwekea yule mwimbaji wake anayempenda.

Ubeti wa kwanza akasema, "Mkufu." Sauti ya mume wangu ikatoka nyuma ya leso: "Ni kweli." Vigelegele!

Wa pili akakunja pua. "Hii pasi yako, nasikia mpaka vumbi lake."

"Huo ni Mkufu, mama."

Wa tatu akakosea tena. Wa nne akapata, lakini alikuwa amesitasita, na sisi sote tuliona. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Yeye aliyekuwa akituelekeza sisi tusikize wapi, sasa alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama kuku anayesikia nyayo. Nilitamani mchezo ukome pale pale.

"Mkwe, wanivuruga," akasema. "Weka Mkufu, na uniambie kabisa kwamba ni Mkufu, masikio yangu yapumzike."

Nyuma ya leso tukasikia nyaya zikikwaruza, kisha, "Haya, mama. Huu ni Mkufu."

Kaseti ikaanza. Uso wa Somo ulifunguka. Mabega yakashuka, kidole kikainuka hewani. "Hapo!" akanong'ona. "Mwasikia? Mwasikia alivyovuta pumzi?"

"Twasikia!" wakaitikia wanawake. Nami, wallahi, nilisikia. Miaka yote ile ndiyo mara yangu ya kwanza: pumzi ndogo, kama ya mtu aliyetaka kusema jambo akajizuia, kisha sauti ikaingia.

Mume wangu akafungua pazia. Waya uliokuwa kwenye mashine ni ule wa pasi. Mkufu ulikuwa juu ya kiti, umekunjwa vizuri, umetulia.

Alikuwa akitabasamu alipofungua. Kisha akatuona nyuso zetu, na tabasamu likamwondoka. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba aliye mbele yake si mafundi wenzake wa kiwandani. Somo aliutazama ule waya, akamtazama yeye, akajitanda mtandio wake vizuri.

"Ahsante, mkwe," akasema, akainuka, akaenda jikoni.

Wanawake waliondoka mmoja mmoja bila kuaga kwa sauti. Nyumbani sikumpa mume wangu chai.

"Sikukusudia ubaya," akasema. "Nilitaka aone."

"Ameona. Sasa ngoja na sisi tuone."

Tuliona kimya. Siku hiyo na iliyofuata na iliyofuata, ukuta haukutoa sauti. Sikujua kwamba nilikuwa nikipika kwa muziki wa Somo, nikifua kwa muziki wake, nikimlaza mtoto kwa huo huo. Watu wa Ziwa la Ng'ombe walikuja kuvikodi vyombo, akawajibu kupitia dirishani kwamba hajisikii vizuri. Tukipishana njiani nilimwamkia, "Shikamoo, Somo," naye "Marahaba, mwanangu," kisha akapita. Mume wangu aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba hapati utulivu wa kusoma gazeti, akawa analishusha gazeti na kuutazama ukuta. "Leo pia?" ananiuliza.

Ijumaa, watu wametoka msikitini, tukasikia hodi. Ni yeye. Amebeba sahani ya vitumbua, imefunikwa. Mume wangu akasimama haraka mpaka kiti kikaanguka.

"Keti," akamwambia. "Nimekuja kukuuliza kitu, na unijibu kama fundi, si kama mkwe. Ile pumzi, niliisikia au sikuisikia?"

"Uliisikia, mama," akajibu, kichwa chini. "Imo ndani ya kaseti. Imo siku zote, kwa waya wowote."

"Basi mbona sikuisikia ulipokuwa ukinihangaisha?"

Mume wangu alifikiri. Huwa hajibu kabla ya kufikiri, na siku ile alifikiri mpaka nikaona nimsaidie, lakini akawahi. "Labda kwa sababu ulikuwa ukiusikiza waya, mama. Yule mwimbaji hakuna aliyekuwa akimsikiza."

Somo alikaa na neno lile. Kisha kicheko kikaanza chini tumboni, kikapanda, kikamtoka chote, mpaka mtandio ukamteremka. "Yarabi! Nikausikiza waya! Mwanamke mzima, nimekaa kwenye mkeka nasikiza pasi!"

Nikacheka nami, na kwa kucheka nikaropoka kwamba siku ile ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia ile pumzi.

Akanigeukia. "Mara ya kwanza? Na miaka yote waniambia wasikia?"

"Nilikuwa nikiona haya, Somo."

"Fundi mdanganyifu na mkewe muongo! Mungu kawakutanisha." Akaifunua sahani, akaniwekea kitumbua mkononi. "Lakini wajua, mwanangu, hata mwari ni vivyo hivyo. Nampaka liwa siku saba. Kwani liwa ndiyo imwumbayo? Sura yake ni ile ile aliyokuwa nayo akienda kisimani. Ila siku ile watu wameambiwa, mtazameni. Nao wakamtazama."

Jioni ile ukuta uliimba. Mume wangu akafungua gazeti lake, akalisoma.

Msidhani aliuacha Mkufu. Aliendelea kuupangusa na kuufunga kila harusi. Alichoacha ni hotuba. Mtu akimuuliza, alisema, "Waya ni waya. Lakini huu ni wangu."

Haki ya Mungu, Mkufu nao ulipata siku yake. Mdogo wangu aliolewa mtaa wa Shika Adabu, ng'ambo ya Likoni, na Somo hakutaka kusikia habari za vyombo vya mtu mwingine. Tulivivusha vyake kwa feri, pamoja na spika na mashuka yake. Watu walikuja wengi kuliko uwanja. Ikabidi nusu ya wanawake wakae uwanja wa jirani, ng'ambo ya kichochoro, na spika moja ipelekwe huko. Mkufu haukufika. Mume wangu akasema msijali, akaunga vipande vya waya mwembamba kama wa kengele za mlangoni, akavipitisha juu ya ua, nyuma ya banda la mbuzi, mpaka kule.

Spika ikalia kama mtu aliyefunikwa blanketi. Wanawake wa uwanja wa pili wakaanza kulalamika. "Sisi tumealikwa au tumeachwa?" Mume wangu alikaza skrubu, akabadilisha plagi, akajikuna. Akajaribu kuongeza sauti, na uwanja wa kwanza ukapiga kelele kwa kuumizwa masikio.

Ndipo Somo akatoka, na nguo yake ya dhahabu, akaufuata ule waya kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akapita kichochoro, akapita mbuzi, akarudi.

"Mkwe," akasema, "huyu mwimbaji umempa njia ya mchwa na mzigo wa punda."

Mume wangu alijipiga kofi la paji la uso. Aliyajua hayo kuliko sote. Kiwandani asingethubutu kufanya vile. Safari ikiwa fupi, waya wowote huifikisha sauti. Ikiwa ndefu na waya ni mwembamba, nguvu huishia njiani. Kwa kushikilia neno lake alikuwa ameusahau urefu. Wakaisogeza amplifaya mpaka uani, katikati ya nyumba mbili, na kuelekea uwanja wa pili wakaunyoosha Mkufu, ukafika sawasawa bila kubaki hata shubiri.

Sauti ilipoingia kule, wanawake walisimama wote pamoja. Somo akakamata kipaza sauti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maisha yake.

"Nani aliyesema waya ni waya?"

"Mkwe!" zikajibu nyua mbili.

"Yuko wapi?"

Alikuwa nyuma ya banda la mbuzi. Biriani yake alipelekewa huko huko, na aliyempelekea ni Somo mwenyewe, nyama imejazwa mpaka juu. Miaka iliyofuata kisa hiki alikisimulia yeye zaidi kuliko Somo, na kila akikisimulia mbuzi waliongezeka.

Mwishoni mwa miaka ya tisini Somo alituacha Mtopanga. Aliolewa. Sisi tuliofundwa naye tulicheka na kulia kwa pamoja, tukampamba wenyewe, naye akatukosoa kila tulipopaka. Bwana harusi alikuwa mjane wa Likoni, mstaafu aliyefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya injini za meli, na zile injini zilikuwa zimemla masikio.

Tulikwenda kuwaamkia sikukuu ya Idi iliyofuata, mimi na mume wangu. Tangu kichochoroni tulimsikia.

"WAGENI, BWANA! WAGENI WA MTOPANGA!"

"Nani kapanga?" ikajibu sauti ya mzee ndani.

"MTOPANGA!" Kisha akatugeukia, akitukumbatia. "Nimekuwa muuza samaki, mwanangu. Nikimwambia neno tamu, lasikiwa mpaka kituoni. Jirani mmoja ameniambia nimempambia asubuhi yake."

Alikuwa amenenepa, uso umejaa. Tulikunywa kahawa na kula halwa. Mzee alimuuliza mume wangu habari za kiwanda, naye akamjibu kwa kupiga kelele, na majibu yakawa hayafanani na maswali, na wote wawili wakaridhika. Baadaye mzee akamwashiria mkewe kuelekea kwenye mashine. Somo akaweka kaseti.

Mzee akavuta kigoda chake mpaka kwenye spika. Akaweka viganja vyake viwili juu ya mbao, wazi, kama anayempima mtoto homa, akafumba macho.

"Sasa ngoma," akasema baada ya muda. Na ngoma ilikuwa imeingia. Akangoja. "Sasa mwanamke."

Mwimbaji alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Nikamwinamia Somo, nikamuuliza polepole, "Kweli humsikia?"

Somo hakuyaondoa macho yake kwa mumewe. "Sijui," akasema. "Sijampima."

Mume wangu akatazama kikombe chake cha kahawa.

"Wala sitampima," akaongeza Somo, na hapo akashindwa kujizuia, akacheka kicheko chake kile cha tumboni. Mzee alikuwa amefumbua macho. Hakukisikia kicheko, lakini alikiona, naye akacheka, viganja vyake vikiwa bado juu ya spika.